Swali la mlangoni: utoaji mimba usio salama Zanzibar, na namna unavyozuilika

Mwanamke akifika spitali usiku, kanga imelowa damu, uso umepauka, kuna maswali mawili anayoweza kukutana nayo pale mlangoni. Moja ni "Damu imeanza lini?" Jingine ni "Umefanya nini?" Swali la kwanza linaanzisha matibabu. La pili, likitangulia, tena likiulizwa kwa sauti mbele ya waliokaa kwenye benchi, linaweza kumrudisha nyumbani, na kuwafunga ndani wengine watakaosikia habari yake. Naanza na mlango huu kwa sababu naamini hapo ndipo penye uzito wa jambo hili kwa Unguja na Pemba. Mimba iliyotolewa vibaya inaua, lakini kwa sehemu kubwa inaua kwa sababu mgonjwa amechelewa, na kilichomchelewesha ni siri.

Kwanza tutenganishe maneno, maana yamechanganywa mno. Tunasema "mimba imetoka", "imeharibika", "imechopoka", na hayo yote ni ya jambo lililotokea lenyewe. Tukisema "ametoa mimba" tunamtaja mtu aliyekusudia. Katika lugha, tofauti ni silabi moja mbili. Katika mwili wa mgonjwa, mara nyingi tofauti haionekani kabisa: damu ni ile ile, maumivu ni yale yale, na mabaki kwenye kizazi ni yale yale. Dakta anaweza kupima kila kitu na bado asijue. Na mimba zinazotoka zenyewe si chache. Katika kila mimba 100 zinazojulikana, baina ya 10 na 20 huharibika, nyingi katika miezi mitatu ya mwanzo, na sababu kubwa ni kasoro za kromosomu ambazo mama hakuzileta wala asingeweza kuzizuia. Kwa hiyo jicho la shaka linapomwangukia kila mwanamke anayevuja damu, linamwangukia pia aliyekuwa akiisubiri mimba ile kwa dua kwa miaka mitano.

Kuna tofauti ya pili. Si kila kutoa mimba ni hatari kwa kiwango kimoja. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa utoaji usio salama ni ule unaofanywa na mtu asiye na ujuzi, au mahali pasipofikia kiwango cha chini cha kitabibu, au vyote viwili. Maelezo hayo hayasemi lolote kuhusu halali na haramu, wala ruhusa ya sheria. Yanapima hatari peke yake. Mtu anaweza kuamini kwa moyo wote kuwa kutoa mimba ni dhambi na bado akakubaliana na kila neno la maelezo hayo, na ningependa msomaji ashike hilo tunapoendelea, kwa sababu mazungumzo yetu mengi hukwama hapo kabla hayajaanza.

Sasa hesabu. Watafiti walikisia kwamba baina ya 2010 na 2014, kila mwaka duniani mimba kiasi cha milioni 25 zilitolewa kwa njia zisizo salama, na 97 kati ya kila 100 zilikuwa katika nchi zinazoendelea. Kwa Tanzania, makisio yanayotajwa sana ni ya 2013: mimba takriban 405,000 zilizotolewa kwa mwaka, sawa na 36 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Kanda ya Ziwa ilikuwa juu, 51. Zanzibar ilikuwa ya chini kuliko kanda zote, 11.

Wapo wanaoisoma hiyo 11 na kushusha pumzi. Mimi naisoma kwa tahadhari. Jambo linalofanywa kwa siri halihesabiwi moja kwa moja. Hukisiwa kwa kuangalia wangapi wametibiwa spitali kwa madhara, kisha wanaulizwa wajuzi wa mambo: kwa kila mmoja aliyefika, wangapi hawakufika? Jibu la hapo ndilo linalozidishwa. Inaweza kuwa kweli kwamba visiwani jambo hili ni dogo kuliko bara, kwa dini na kwa desturi zetu za ndoa. Lakini pia mahali ambapo wagonjwa wanajificha zaidi, hesabu nayo hujificha. Na hata tuichukue 11 kama ilivyo: sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Kiwango hicho kikiwa kimebaki pale pale, bado ni maelfu ya wanawake kila mwaka. Hao ni wa shehia zetu, na hakuna atakayewataja kwa majina.

Inaua vipi? Kizazi ni msuli. Mimba inapotoka yote, msuli ule hujikunja kama ngumi na kuibana mishipa iliyokuwa ikilisha kondo, damu ikakatika. Yakibaki mabaki ndani, ngumi haifungi. Damu inaendelea, pengine kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pengine kwa kasi inayommaliza mtu kwa saa chache. Visiwani kwetu kuna jambo linalozidisha hatari hii. Wanawake wengi huianza mimba wakiwa tayari na upungufu wa damu, kwa lishe hafifu, kwa kuzaa mfululizo, na kwa minyoo na kichocho ambavyo Pemba vimewasumbua watu kwa vizazi. Mwenye damu nyingi anaweza kupoteza kiasi fulani akasimama. Mwenye damu haba akipoteza kiasi hicho hicho, anaanguka.

Njia ya pili ni uchafu. Kitu chochote kilichoingizwa kwenye mlango wa kizazi bila kuchemshwa na kusafishwa kitabibu hupeleka vijidudu mahali penye damu na joto, mahali vinapopapenda. Homa huja baada ya siku moja mbili, pamoja na uchafu wenye harufu na tumbo lisiloguswa. Hapo bado dawa za kuua vijidudu zinaweza kumwokoa. Vikishaingia kwenye damu, shinikizo linashuka, figo zinasita kufanya kazi, na hata spitali kubwa inapata taabu. Kuna wanaotobolewa kizazi au utumbo, wanaopata pepopunda, wanaodhurika figo na maini kwa mchanganyiko wa dawa za miti na kemikali wasioujua. Na kuna vidonge vinavyonunuliwa kimyakimya. Dawa yenyewe inaweza kuwa halisi, lakini hakuna aliyemwambia mnunuzi mimba ina wiki ngapi, wala aliyehakikisha kuwa haikutunga kwenye mrija. Mimba ya kwenye mrija haitoki kwa kidonge hicho. Mrija hupasuka, damu ikamwagikia tumboni, na mwenyewe anadhani maumivu yale ni dawa inafanya kazi.

Wanaopona nao hawapati nafuu sawasawa. Uambukizo unaweza kuziba mirija, na mwanamke asizae tena. Kwetu, ambako ndoa nyingi zimevunjika kwa sababu "hazai", huyo atalipa miaka kumi baadaye kwa jambo ambalo mumewe hata hakuwahi kulijua.

Wataalamu wa vifo vya uzazi tangu 1994 wanazungumzia kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kuchelewa kufika tunakujua na tunakulalamikia, barabara mbovu na gari la kutafutwa usiku wa manane. Barabara zinajengwa. Huko kuamua ndiko kusikojengwa.

Tuseme ni binti wa miaka 19, kijiji fulani cha Pemba, baina ya Konde na Micheweni. Damu imeanza alfajiri. Anayejua ni rafiki yake mmoja. Mama yake haambiwi, kwa sababu mama ataumia. Baba haambiwi, na sababu haihitaji kuelezwa. Mchana anajilaza na kusema tumbo la mwezi. Jioni homa inaanza. Shangazi anagundua, lakini naye anasita: wakienda kituo cha karibu, nesi wa pale ni jirani, ni mtu wa arusi na maziko yale yale. Kwenda Wete au Chake Chake ni kutafuta gari na kumtafutia dereva maelezo. Watu wa visiwani tuna neno la kizuizi hiki, nalo ni muhali, yaani kuoneana haya. Muhali ndio unaozima kesi nyingi za udhalilishaji zisifike mahakamani, na ndio huu huu unaomweka binti kitandani mpaka siku ya tatu.

Sheria nayo imechangia woga huo, na hapa historia ni ya kwetu wenyewe. Mwaka 1985 Zanzibar ilipitisha sheria iliyopewa jina la kuwalinda wari na wanawake walioachwa. Chini yake, mwanamke asiye na mume akipata mimba aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Fikiria hesabu anayoipiga msichana wa 1990: tumbo likionekana ni jela na skuli imekwisha, na akilitoa kwa siri huenda hakuna atakayejua. Iliyoitwa ulinzi ilimsukuma kwenye mlango wa nyuma. Mwaka 2005 sheria hiyo ilibadilishwa, kifungo kikaondolewa na pahala pake ikawekwa adhabu ya kutumikia jamii. Na tangu 2010 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi skuli, miaka zaidi ya kumi kabla ya Tanzania Bara, iliyofungua mlango huo Novemba 2021. Hili ni jambo la kujivunia, nami nalitaja kwa furaha, kwa sababu mwalimu anayemwambia mwanafunzi "utarudi" amezuia hatari moja bila kutaja neno mimba. Ila woga wa zamani haufutwi na gazeti la serikali. Mabibi walioishi chini ya sheria ile ndio wanaowashauri wajukuu leo.

Sheria ya jinai ya Zanzibar, sawa na ya Bara, inakataza kutoa mimba na inaacha nafasi ya kuokoa maisha ya mama. Tanzania pia iliridhia mwaka 2007 Itifaki ya Maputo ya Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo kifungu chake cha 14 kinazitaka nchi ziruhusu huduma hiyo pale mimba inapotokana na kubakwa au kuingiliwa na maharimu, au inapotishia afya au maisha ya mama. Sheria za ndani hazijafika huko, na mjadala wake ni wa wanasheria, wawakilishi na masheikh. Lakini jambo moja halina mjadala na linapaswa kujulikana na kila nyumba: kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, kwa sababu yoyote, si kosa. Ni wajibu wa kituo cha afya. Asiyelijua hili hufa akikimbia polisi ambaye hakuwa akimfuata.

Kuhusu dini, mimi si mwanachuoni na sitoi fatwa. Naeleza tu kile kinachosahauliwa baraza zinapopamba moto. Hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inataja hatua za siku arubaini tatu kabla ya kupulizwa roho, yaani siku 120. Baada ya muda huo wanavyuoni wamekuwa wakali sana. Kabla yake wamehitilafiana, hata ndani ya madhehebu ya Shafi inayofuatwa na wengi wetu. Imamu Ghazali, aliye wa madhehebu hiyo, aliliona ni kosa tangu mwanzo, na uzito wake unaongezeka kadiri mimba inavyokua. Nchi za Kiislamu nazo hazifanani: Tunisia inaruhusu katika miezi mitatu ya mwanzo tangu 1973, na nyingi nyengine zinabana zaidi. Ghazali huyo huyo, aliyekataza kutoa mimba, aliruhusu azli, yaani kuzuia mimba isitunge, na Jabir amepokea kwamba Masahaba walikuwa wakifanya hivyo huku Qur'ani ikiteremka. Kwa hiyo anayechukia kutoa mimba kwa ajili ya dini yake ana sababu ya dini hiyo hiyo ya kutaka watu wapange uzazi. Na aliyekwishatoa, akiwa anavuja damu mbele yako, hukumu yake ipo kwa Mola wake. Yako wewe ipo katika Suratul Maida aya ya 32: mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote.

Hapo ndipo kinga inapoanzia, kwenye mimba ambayo haikutakiwa. Uchunguzi wa afya wa 2015 na 2016 ulionesha kuwa wanawake walioolewa Zanzibar waliokuwa wakitumia njia za kisasa za kupanga uzazi walikuwa kiasi cha 14 katika kila 100, na Bara walikuwa kama 33. Pemba ilikuwa nyuma ya Unguja. Sipendi wanaolieleza jambo hili kwa neno "ujinga". Wanawake wanazo sababu, na nyingine zina chembe ya ukweli inayostahili kujibiwa kwa heshima. Sindano, kwa mfano, wengi wanaiogopa kuwa inaua kizazi. Haiui. Ila ni kweli inaweza kuvuruga au kukata hedhi, na ni kweli baada ya kuiacha mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa, pengine karibu mwaka. Mtu asipoambiwa hayo mapema, akachelewa, atasema nini kwa jirani zake? Kijiti cha mkononi na kitanzi havina uchelewaji huo: vikitolewa, uwezo wa kushika mimba unarudi upesi.

Jengine linalowapata walioolewa ni imani kwamba anayenyonyesha hashiki mimba. Qur'ani inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na wengi huamini kinga inakwenda miaka hiyo miwili. Kumbe inategemewa tu mtoto akiwa chini ya miezi sita, akinyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Moja katika hayo likikosekana, kinga imekwisha. Huyu ni mama wa watoto wanne, wa mwisho hajatembea, mume yuko dago, kambini kwa wavuvi, au yuko Muscat anatafuta, na mwezi umempita. Tunapozungumzia kutoa mimba tunamchora msichana wa skuli tu, na mama huyu tunamsahau.

Na msichana naye tumemsahau kwa namna nyengine. Kwetu tulikuwa na somo, mtu mzima aliyekabidhiwa binti amfundishe mwili wake na heshima yake. Somo huyo siku hizi anaitwa arusi ikikaribia, amfunze biarusi namna ya kumpendeza mume. Miaka mitano au saba ya kati, kutoka hedhi ya kwanza hadi ndoa, binti anaachiwa simu na wenzake. Naona hapa pana kitu chetu wenyewe cha kufufua.

Kwa aliyelazimishwa, Zanzibar tuna vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyomkusanyia aliyedhalilishwa dakta, polisi na mshauri mahali pamoja. Kufika mapema ni kila kitu. Dawa ya kukinga virusi vya UKIMWI inafaa ndani ya saa 72, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafaa ndani ya siku tano, ikiwa bora zaidi kadiri inavyowahiwa. Dawa hiyo ya dharura haitoi mimba iliyokwishatunga. Kazi yake ni kulichelewesha yai lisitoke. Anayefichwa nyumbani wiki mbili kwa ajili ya muhali amenyimwa vyote viwili.

Mimba ikishaharibika, tiba yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kule "kukwanguliwa" kwa chuma chini ya usingizi, kulikowatia hofu mama zetu, Shirika la Afya Duniani halikupendekezi tena. Mabaki huondolewa kwa kifaa cha kufyonza kwa mkono, kisichohitaji umeme wala chumba kikubwa cha upasuaji, au kwa dawa kwa usimamizi. Mkunga aliyefunzwa anaweza kuifanya kazi hii katika hospitali ndogo ya wilaya, bila mgonjwa wa Pemba kuvushwa bahari kwenda spitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Kabla hajaondoka lazima aambiwe jambo ambalo wengi hawalijui: anaweza kushika mimba nyengine ndani ya wiki mbili, hata kabla ya hedhi kurudi. Kumruhusu aende bila mazungumzo hayo ni kumwambia turudiane mwakani.

Turudi mlangoni. "Umefanya nini?" si swali baya lenyewe. Nesi anahitaji kujua kama kuna kitu kilichoingizwa, au dawa iliyonywewa, kwa sababu matibabu yanabadilika. Ubaya uko kwenye mpangilio na sauti. Liulizwe baada ya kupima shinikizo na kutundika dripu, pazia limefungwa, aliyemsindikiza ametoka nje, na liulizwe hivi: "Mwanangu, niambie ulichotumia ili nijue nikupe dawa gani. Hakitoki hapa." Kisha kisitoke kweli. Neno moja likivuja kutoka wodini hadi sokoni, juhudi ya mwaka mzima ya wahudumu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba imezama.

Kwa aliye nyumbani na mgonjwa leo: damu inayojaza pedi mbili kubwa kwa saa moja, saa mbili mfululizo, si ya kusubiri asubuhi. Vivyo hivyo homa, uchafu wenye harufu, tumbo gumu lenye maumivu makali, kizunguzungu cha kuanguka, au maumivu yanayopanda hadi begani. Asinyweshwe kitu cha kukata damu, asiingizwe kitu chochote. Kama zipo pakiti za dawa alizotumia, zichukuliwe. Aende na mtu mmoja anayemwamini, mwenye uwezo wa kukaa naye mpaka kuche na kutoa damu ikihitajika. Akiulizwa na dereva wanakwenda wapi, jibu ni moja tu: spitali, mgonjwa wetu anavuja damu.